Gari kuukuu likikataa kuwaka, anza na arthi

Sisi wenye magari ya zamani hapa Mombasa tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui sana: chumvi. Upepo wa bahari hauli bodi peke yake. Huingia mpaka kwenye viungo vya waya, na hapo fundi mwenye pupa atakubadilishia betri, kisha stata, kisha koili inayopandisha umeme wa plagi, mfuko ukauke na gari bado limelala.

Langu ni Datsun 120Y, la kabureta na pointi, yaani vile vidude vya kukata na kuunganisha umeme wa koili. Ninachosisitiza ni hiki: pima kabla ya kununua. Multimita ya bei ya chini yatosha. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza. Injini ikinguruma, ukipata kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inayochaji betri iache ilivyo.

Sasa arthi, yaani ule waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha gari. Gusisha ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye klampu, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata. Isizidi nusu volti. Yangu ilipita volti mbili, na waya kwa nje mzima kabisa! Nilipochana ganda karibu na kichwa chake, nyuzi za shaba zilikuwa unga wa kijani. Stata ilikuwa ikiguna tu, taa zikififia, na majirani barazani walishaihukumu betri. Dawa yake ni waya mpya mnene, msasa pale unapofungwa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Stata ikizunguka kwa nguvu na injini haishiki, tafuta cheche. Chomoa plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ishike kwa koleo la mpini wa plastiki, maana pale panapita maelfu ya volti, na pasiwe na petroli iliyomwagika. Cheche ya samawati inayopasuka kwa sauti ni nzuri. Ikiwa hafifu au haipo, fungua kifuniko cha distributa, inayogawia plagi umeme; pointi zimo ndani yake. Mwanya wa pointi za 120Y ni kama nusu milimita. Zikiungua tena upesi, shuku kondensa, kile kijikopo kinachozikinga zisiungue. Ndani ya kifuniko, kistari cheusi chembamba kama cha penseli ni njia ya umeme unaotoroka. Usihangaike kukisugua, nunua kifuniko kingine. Wakati wa masika, fungua boneti gizani injini ikiwaka: waya za plagi zinazovuja utaziona zikimetameta.

Gari likishika stata ikizunguka, kisha likazima ukiachia ufunguo, angalia resista ya koili, ile inayopunguza umeme unaoingia kwenye koili. Likizima kwenye foleni ya feri Likoni adhuhuri na kuwaka likipoa, huenda ni koili, huenda ni petroli iliyogeuka mvuke bombani. Pima cheche papo hapo, kabla halijapoa. Cheche ikiwepo, koili haina kosa.

Na dukani, uliza kama koili ni ya kutumia resista ya nje au la. Ya resista ukiifunga bila resista, itachemka na kuunguza pointi zako mpya.