Je, nyumba yangu iko hatarini kwa deni la kampuni?

Ndugu, nimekuelewa: wewe ni mkurugenzi wa kampuni ya kukamua alizeti hapa Dodoma, shemeji yako ndiye anayeiendesha, na kodi iliyokatwa kwenye mishahara haijafika TRA. Deni la kawaida hubaki la kampuni, isipokuwa kama ulitia saini dhamana binafsi benki. Itafute karatasi hiyo leo. Kodi ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu sheria inaweza kukufikia wewe mwenyewe, na utetezi wako utategemea kuthibitisha kwamba ulichukua hatua za uangalifu, si kwamba hukujua. Mwandikie shemeji barua ya kudai hesabu, uhifadhi nakala. Kujiuzulu, ambako BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, lazima iarifiwe, hakufuti yaliyotokea ukiwa madarakani. Ukipokea makadirio ya kodi, mwone wakili mara moja, kwani muda wa pingamizi ni siku 30.