Mpinzani ananikopi kila muvu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Kwenye mashindano ya chesi nilikuwa na weupe nikafungua na c4 (yaani askari wa safu ya c hadi mstari wa 4), jamaa akajibu c5, nikatoa farasi naye akatoa, mpaka tunaficha wafalme kete zimekaa kama kwenye kioo. Ikaisha droo, watu wakanicheka. Huu ufunguzi si umepooza tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haujapooza, ila ulisubiri sana! Tafuta gemu ya 8 ya Fischer, Mmarekani, na Spassky, bingwa Msovieti, waliokuwa wanagombea ubingwa wa dunia wa chesi, Reykjavik, Iceland, 1972. Fischer aliyezoea e4 siku hiyo akaanza na c4, Spassky akajibu c5, na muvu 6 za kwanza kila mtu ni pacha wa mwenzie, farasi wote nje, maaskofu pembeni, wafalme wamefichwa. Muvu ya 7 Fischer akasukuma d4, kioo kikapasuka hapohapo, maana mweupe ndo anatangulia na yeye ndo anachagua lini ugomvi uanze.

Sasa utamu uko muvu ya 15. Spassky akasukuma askari b5, sijui alikuwa anawaza nini, askofu wa Fischer akaenda a7 akaibana ngome ya Spassky iliyokaa b8 na haina pa kukimbilia, akaila kwa kutoa huyo askofu, na ngome ina thamani kuliko askofu. Spassky akasalimu amri muvu ya 37, Fischer akawa anaongoza 5 kwa 3.

Kwa hiyo we ukishaficha mfalme angalia kama d4 inaingia, ikiingia sukuma.