Re: Mfumo unakosea pointi ninapotamka njia ya ndege

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, ukiutamkia mfumo wa sauti wa ndegeni njia nzima, unashika viwanja vya ndege, lakini pointi za katikati (alama za angani zenye majina ambazo ndege hupitia) mfumo unaandika nyingine. Anza na maikrofoni: isogeze hadi ikaribie kugusa midomo, kelele ya injini humeza herufi. Kisha acha kutamka pointi kama neno. Majina yale ya herufi tano mengi yanafanana kwa sauti. Yataje herufi moja moja kwa alfabeti ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: Alfa, Bravo, Charlie. Mimi hutaja pointi moja, nasoma skrini, ndipo nathibitisha. Siku niliyotaja zote kwa pumzi moja mfumo ulikosea moja, nikapewa kipande cha njia cha maili 900! Umbali ukikushangaza, futa, uandike kwa vidole.