Shafti ya Nyuma Imekatika: Ninunue Ipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser 79, napeleka mizigo kambini huku upande wa Karatu. Juzi nimenasa kwenye tope, nikafunga loki ya difu (ile inayozilazimisha tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja), nikaweka gia nzito na kukanyaga mafuta. Ikalia "ta!", shafti ya nyuma kulia, ile nondo inayopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi tairini, imekatika. Dukani nimeonyeshwa tatu: orijino ya mtumba kutoka Japani, mpya ya bei rahisi kwenye boksi lisilo na jina, na ya kromoli (chuma kilichochanganywa kromu na molibdeni) ya bei ya kutisha. Jirani yangu anasema nichomelee tu ya zamani. Nichukue ipi?

JIBU: Salama kaka. Hilo la kuchomelea liondoe kichwani. Shafti imetengenezwa ikiwa ngumu juu na laini kiasi ndani ili ivumilie kusokotwa. Moto wa welding unaharibu ugumu huo pembeni mwa mshono, na ndipo itakapokatika tena, safari hii labda ukiwa mlimani na mzigo.

Kabla hujatoa hela, chukua vile vipande viwili uvifute vizuri. Ukiona mistari iliyopindana, kama ile bahari inayoacha mchangani maji yakipwa, na sehemu moja imeshika kutu au weusi, ujue ufa ulianza zamani na tope limemalizia tu. Ukiona chuma chote ni kipya na meno ya ncha ya shafti, yale yanayoingia kwenye difu, yamejisokota kama kamba, basi ilizidiwa siku ile ile. Kwa maelezo yako nahisi ni hili la pili. Difu ikiwa wazi, shafti mbili zinagawana nguvu sawasawa. Ukifunga loki na tairi moja ikawa inateleza, ile iliyoshika inaweza kubeba karibu nguvu yote peke yake. Weka gia nzito juu yake, halafu ukanyage ghafla!

Sasa madukani. Mimi ningeanza na ile ya mtumba, ila uikague mwenyewe mchana kweupe. Laza rula kando ya meno: yakiwa yamepinda hata kidogo, irudishe, imeshasokotwa huko ilikotoka. Izungushe juu ya kioo au meza iliyonyooka uone kama inaruka. Pitisha ukucha pembeni mwa flanji, ile sahani ya mwisho yenye matundu ya nati, kutafuta ufa. Nenda na ya kwako mkononi, hesabu meno na pima urefu, kwa sababu kwenye magari mengi ya kulia na ya kushoto hazilingani. Wenye Land Rover za zamani wanalijua hili: nyingi zilikuwa na meno 10 upande wa difu, baadaye zikaja za 24, na huwezi kubadilisha moja kwa nyingine bila kugusa difu.

Ile ya boksi lisilo na jina, pima unene wake kwa kalipa mbele ya muuzaji. Uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa hupanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Kwa chuma kile kile, ya milimita 33 inaizidi ya 30 kwa karibu theluthi nzima. Kwa hiyo milimita mbili tatu zilizoibwa si jambo dogo. Unene ukilingana, jaribu kuisugua kidogo kwa tupa ya kunolea chuma sehemu isiyofanya kazi: kwenye shafti iliyogumishwa juu, tupa inateleza. Ikila kama inakula nondo, mwachie boksi lake.

Kromoli ni chuma kizuri kweli, hasa ile ya daraja la namba 4340 yenye nikeli ndani, lakini namba iliyochongwa haikuambii kama imepikwa sawasawa. Muulize muuzaji imegumishwa vipi; asipojua, unalipia jina. (Jaribio la tupa halifai hapa, kwani nyingi hugumishwa hadi ndani na juu si ngumu vile.) Na ukiweka shafti isiyokatika, kitakachofuata kukatika ni meno ya difu, na bei yake unaijua. Kwa gari la mizigo lenye tairi za kawaida sioni haja.

Bahati yako ni kwamba kwenye 79 shafti ya nyuma haibebi uzito wa gari. Uzito uko kwenye habu, kile kitovu tairi linapofungwa. Ingekuwa Hilux, tairi lingeweza kuchomoka na shafti. Kufungua ni nati za katikati ya tairi tu: gonga flanji kwa nyundo ya shaba mpaka zile washa za koni ziruke. Kipande kilichobaki ndani kivute kwa sumaku ndefu. Kikikataa, difu itoke. Mwaga oili yote, osha nyumba ya ekseli, maana vipande vya chuma vikibaki vitakula beringi. Nati zikaze kwa spana ya kipimo, uzirudie baada ya safari ya kwanza. Na ya kushoto nayo itoe uilazie rula kwenye meno. Ilikuwa kwenye tope lile lile.