Kabla hujatuma hela China, piga hesabu ya Dar

Vijana wanaonifuata dukani Kariakoo huanza na kiwanda: nani Guangzhou ana bei nzuri? Nami huwauliza, huo mzigo ushuru wake asilimia ngapi? Hapo wengi hubaki kuchezea simu.

Forodha hawatozi kwa bei ya kiwandani. Wanachukua bei ya mzigo, wanajumlisha bima na nauli ya meli hadi Dar. Tuseme jumla ni dola 10,000 na bidhaa yako iko kwenye asilimia 25: ushuru ni 2,500. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 12,500, si juu ya 10,000, nayo ni 2,250. Umeshafika 14,750, na bado kuna tozo nyingine, wakala wa forodha, na gari la kutoa mzigo bandarini. Kwa hiyo nauli ikipanda, kodi inapanda nayo bila Bunge kukaa. Mwaka 2021, nauli za makontena zilipopaa dunia nzima, tulionja. Na wewe unayechangia kontena kwa kulipia CBM, yaani mita za ujazo za mzigo wako, usidhani umeukwepa ushuru. Umo humo humo ndani ya bei.

Mwulize wakala bidhaa yako iko kundi gani la ushuru kabla ya kulipa kiwanda. Tangu Julai 2022 Afrika Mashariki ina kiwango cha asilimia 35, na samani ni kati ya bidhaa zilizolengwa. Wenzangu wanakilaani. Mimi nami kinaniuma, ila pita Keko, kwa mafundi samani hapa Dar, uone makochi yaliyopangwa barabarani, kisha uniambie mafundi wale wangepambana vipi na kochi la kontena. Tena hawajaponea hapo: sponji na vitambaa vyao vingi vinatoka nje, dola ikipanda nao wanapandisha bei.

Dola ndiyo inayoua mtaji kimya kimya. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ikapita 2,600. Aliyeendelea kuuza kwa hesabu ya zamani alikuwa na faida kwenye daftari, lakini hela hiyo haikutosha kuagiza mzigo ule ule. Mimi bei napanga kwa dola ya leo, hata kama mzigo umekaa stoo miezi. Wateja wangu wa Lubumbashi na Lusaka hununa, wanazunguka maduka mawili matatu, halafu wanarudi kuomba punguzo.