Umejiajiri, umepasuliwa: usione haya kudai mafao yako

Juzi msomaji mmoja, mshonaji, aliniandikia kwamba katoka hospitali, mshono haujakauka, cherehani imefunikwa shuka, na anaona haya kudai mafao ya ugonjwa, yaani fedha za kufidia kipato unapougua. "Sina mwajiri, nitaanzia wapi?" Dada yangu, haya hiyo naijua. Nimelala nayo na kuamka nayo.

Mimi ni seremala. Nilipopasuliwa ngiri, daktari alinikataza kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, na kazi yangu ni kunyanyua: mbao, milango, makabati. Hata kukohoa ilibidi nikandamize mto tumboni kwanza. Wateja waliokuwa wakiniita fundi asubuhi na jioni wakaanza kuulizia malipo yao ya awali. Aliyeajiriwa akiugua, ipo ofisi inayoandika kwamba hayupo. Mimi nikiugua, karakana inafungwa tu na hakuna anayeandika chochote.

Nikajikokota hadi ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii niliokuwa nikiuchangia. Kijana wa dirishani alipoona nimejaza jina langu mwenyewe pale panapotakiwa jina la mwajiri, akasema foleni nzima isikie: "Si wewe ndiye bosi? Jipe likizo." Watu wakacheka. Mpaka leo linaniuma. Michango ile niliilipa mwenyewe, hata miezi ambayo kazi ilikuwa ya kuokoteza, na sikwenda pale kuomba sadaka. Sikuondoka dirishani mpaka fomu ikapokewa, nakala yangu ikagongwa muhuri wenye tarehe.

Ule muhuri nilikuja kuushukuru. Mifuko mingi ina muda wa mwisho wa kudai, na mingine haikulipi siku zilizopita kabla ya dai kufika. Basi dai mapema, hata kama karatasi nyingine zinafuata baadaye. Siku za mwanzo huenda usilipwe kabisa. Hata Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaruhusu siku 3 za mwanzo zisilipwe, na malipo yawekewe ukomo wa wiki 26 kwa kila ugonjwa. Sheria za nchi nyingi zinawaacha nje waliojiajiri au kuwapokea kwa hiari tu, kwa hiyo ulizia kwanza kama michango yako inagusa fao hili. Bima inayolipa hospitali ni kitu kimoja, na fao la kufidia kipato ni kingine.

Mara ya kwanza walinikataa. Cheti changu kilisema: "Amefanyiwa upasuaji wa ngiri, anaendelea vizuri." Hayo maneno mawili ya mwisho yakatosha kunifungia mlango. Nilirudi kwa daktari nikamweleza kazi yangu ilivyo, uzito wa mlango mmoja, jinsi ninavyoinama kwenye msumeno. Akaandika upya: asinyanyue, asiiname muda mrefu, mpaka tarehe fulani. Nikakata rufaa nikiwa na cheti hicho, barua ya kuruhusiwa hospitalini na daftari langu la kazi, lenye mauzo upande mmoja na gharama upande wa pili, maana wanachotaka kujua ni faida yako. Nilishinda, nikalipwa na malimbikizo. Najivunia, sifichi.

Ndugu zangu mliojiajiri, andikeni! Sisi hatuna ofisi ya kutushuhudia, karatasi ndiyo shahidi wetu. Lipeni michango mkiwa wazima, kwa sababu mifuko mingi hutazama nyuma kuona kama ulikuwa ukichangia kabla hujaugua. Ukikimbilia kuchangia ukiwa kitandani, umechelewa. Cheti kikikaribia kuisha na mwili haujawa tayari, omba kingine kabla tarehe haijapita.

Dada, uliuliza pia kama unaweza kutia vifungo kidogo kidogo huku unalipwa. Usiguse kabla hujaandikia mfuko na kupata jibu kwa maandishi. Ipo mifuko inayoruhusu saa chache za kazi, na ipo inayosimamisha malipo na kudai irudishiwe ilichokwisha kulipa. Nguo za wateja zilizobaki mpe mshonaji mwenzako azimalizie, alipwe yeye, na uandike daftarini ni nani aliyezimaliza.