Tetemeko halitabiriki, lakini nguzo mbovu inaonekana

Swali la wiki lilikuwa: je, wataalamu wanaweza kutuambia tetemeko la ardhi litapiga Nakuru siku gani? Hawawezi, na si kwetu tu.

Mwaka 1975 Wachina waliwaondoa watu nyumbani mwao Haicheng kabla tetemeko halijafika, kwa kuwa mitetemo midogo ilitangulia mfululizo. Mwaka uliofuata mji mwingine wa China, Tangshan, ulipigwa usiku bila tahadhari, na hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 240,000. Huko Parkfield, California, wataalamu walitega vipimo kila upande wakitarajia tetemeko kufikia 1993. Lilikuja 2004.

Kinachowashinda ni hiki: miamba imebanana kilomita kadhaa chini ya ardhi, na Bonde la Ufa linapanuka milimita chache tu kwa mwaka. Siku miamba inapoteleza, tetemeko dogo na kubwa huanza kwa namna moja. Mpasuko ukikoma baada ya mita mia, hakuna atakayehisi. Ukiendelea kilomita 40, ni maafa, na hakuna kipimo kinachojua mapema utakomea wapi. (Mashimo na mitaro inayofunguka Nakuru baada ya mvua kubwa ni jambo jingine: maji hubeba udongo wa majivu ya volkano kutoka chini. Ni hatari kwa nyumba iliyo juu yake, lakini si dalili ya tetemeko.)

Tunachojua ni kwamba hapa pana uwezo huo. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9 lilipiga Subukia, katika kaunti hii ya Nakuru, ardhi ikapasuka kwa takriban kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita mbili. Hata mitambo ya tahadhari isingewafaa sana watu wa karibu. Wimbi la kwanza, ambalo halina madhara makubwa, hutangulia lile la kubomoa kwa takriban sekunde moja kila kilomita 8. Aliye kilomita 30 kutoka kwenye chanzo ana sekunde nne hivi.

Kwa hiyo swali langu ni kuhusu nyumba. Jengo la kuogopwa zaidi mjini ni lile lenye maduka chini, nguzo tupu na milango ya kukunja, na juu yake ghorofa nne za kuta za mawe. Juu ni pagumu, chini ni laini. Mtikisiko wote hulemea nguzo za chini, zikakunjika, na ghorofa zikashuka zikiwa nzima juu ya maduka.

Nguzo huvunjikia karibu na bimu, juu au chini. Nenda saiti kabla ya konkriti kumwagwa, chukua futi, upime ringi zinazofunga vyuma vya wima. Katika nusu mita ya juu na ya chini zisiachane zaidi ya sentimita 10. Katikati ya nguzo, sentimita 20 zinavumilika. Kisha tazama ncha ya ringi. Ikikunjwa kwa pembe mraba tu, konkriti ya nje ikibanduka ringi hufunguka na vyuma vya wima hupinda kama waya. Ncha inatakiwa irudi ndani kabisa, nyuzi 135, iingie katikati ya nguzo. Fundi atalalamika kwamba inachelewesha kazi. Mwache alalamike, usilegeze. Maji nayo yasizidi lita 25 kwa mfuko wa simiti wa kilo 50, ukihesabu na yaliyo kwenye mchanga mbichi. Konkriti inayotiririka kama uji humwagika kwa urahisi na hukauka ikiwa dhaifu.

Tangi la lita 5,000 juu ya paa likijaa lina tani tano. Lishushe chini, au miguu ya stendi yake ifungwe kwa bolti kwenye slabu na kuunganishwa kwa vyuma vya mshazari.

Ardhi ikitikisika ukiwa ndani ya ghorofa, usikimbilie ngazi. Mawe ya ukingo wa paa huangukia pale pale mlangoni. Ingia chini ya meza imara, shika mguu wake, kinga shingo. Ukiwa kitandani, baki hapo na mto kichwani. Ikitulia, funga gesi kwenye mtungi, vaa viatu kwa sababu ya vioo, toka, na usirudi kuchukua kitu, kwani mitetemo inayofuata humalizia kuta zilizokwisha kupasuka.